Mioto Mitatu ya Magharibi: Nani Anaitwa Gaidi Uganda?

Tarehe 8 Juni 1998, waasi wa ADF (Allied Democratic Forces) walivamia Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakayafunga mabweni na kuyatia moto. Wanafunzi 80 waliteketea. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, waumini zaidi ya 500 wa kikundi kimoja cha kidini waliungua ndani ya kanisa lao, milango na madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, ADF walirudi tena magharibi, safari hii katika Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, chini ya kilomita mbili kutoka mpaka wa Kongo. Wavulana walijifungia bwenini, na bweni likachomwa wakiwa ndani. Wasichana waliotoka mbio walikatwa mapanga. Walikufa watu 42, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi.

Moto wa kwanza na wa tatu tunauita ugaidi, na ni ugaidi kweli. Wa katikati ulichukua roho nyingi kuliko hiyo miwili kwa pamoja, lakini haumo katika historia ya ugaidi tunayoisimulia. Kwanza ulisemwa kuwa ni watu waliojiua kwa pamoja. Polisi walipofukua mamia ya maiti nyingine kwenye nyumba za kikundi hicho, ikiwamo ya Buziga hapa Kampala, ukaitwa mauaji, na mambo yakaishia hapo. Tume ya uchunguzi iliyoahidiwa haikuanza kazi. Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, viongozi wa ile Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu, hawajapandishwa kizimbani hadi leo.

Kwa nini? Misikitini utasikia jibu moja: ugaidi ni jina walilotungiwa Waislamu. Kwenye teksi na vijiwe vya boda boda utasikia lingine, kwamba Waislamu ndio wanaolipua, basi wasilalamike. Historia ya Uganda inayakataa yote mawili, kwa sababu gaidi mkubwa kuliko wote katika nchi hii, Joseph Kony wa kikundi cha waasi cha LRA, alitaka kutawala kwa Amri Kumi za Mungu. Ukitaka kuelewa jina hili linavyogawiwa, anzia kwenye sheria.

Sheria ya Kupambana na Ugaidi ilipitishwa mwaka 2002, na ndani yake mna njia mbili za kumfanya mtu gaidi. Njia ya kwanza inaangalia kitendo: kulipua, kuua, kuteka na mengine ya namna hiyo, yakifanywa ili kuishinikiza serikali au kuwatisha wananchi, kwa lengo la kisiasa, kidini, kijamii au kiuchumi. Kwa njia hii haijalishi unasali wapi. Ya pili ni jedwali lililowekwa nyuma ya sheria, lenye majina ya vikundi. Mwaka 2002 yalikuwamo majina ya LRA na tawi lake la kisiasa, ADF, na al-Qaida. Waziri, kwa kibali cha Baraza la Mawaziri, anaweza kuongeza jina au kulifuta. Kikundi kikishaingia humo, kuwa mwanachama tu ni kosa, hata kama mikono yako haijagusa panga.

Tofauti ya njia hizi mbili ndiyo kiini cha mambo. Ya kwanza inauliza kilichotendwa, ya pili inauliza nani. Na swali la nani siku zote hujibiwa na mwenye madaraka.

Hata dunia nzima haijakubaliana. Umoja wa Mataifa umejadili tafsiri moja ya ugaidi kwa miongo kadhaa bila kuipata, na mkwamo uko palepale: je, mpigania uhuru ahesabiwe? Na je, majeshi ya serikali yahesabiwe? Afrika ilijibu swali la kwanza mwaka 1999 katika Mkataba wa Algiers, ikisema wanaopigania kujitawala dhidi ya ukoloni na uvamizi wa kigeni si magaidi. Ilikuwa na sababu. Mau Mau waliitwa magaidi na Waingereza, na marufuku dhidi yao ilibaki katika sheria za Kenya hadi 2003. Nelson Mandela alitolewa katika orodha ya Marekani ya watu wa kutiliwa shaka mwaka 2008, alipokuwa akikaribia kutimiza miaka 90. Sisi wenyewe tuna mfano wa nyumbani. Tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni na wenzake walishambulia kambi ya jeshi ya Kabamba, na serikali ya Obote ikawaita majambazi. Leo siku hiyo ni sikukuu ya jeshi, na Mganda hata asiyejua Kiswahili kingine huiita Tarehe Sita.

Swali la pili, la majeshi ya serikali, Afrika ililiruka. Nitalirudia.

Sasa Kony. Vita vyake vilitoka katika vurugu za kiroho za kaskazini baada ya 1986. Alitanguliwa na Alice Lakwena, aliyewapaka wapiganaji wake mafuta akiwaambia risasi hazitawapata, akafika nao karibu na Jinja mwaka 1987 kabla ya kushindwa. Kony aliendelea kwa karibu miaka 20 ndani ya Uganda. Atiak mwaka 1995, Barlonyo mwaka 2004, mahali watu wake walipochinja raia: majina hayo mtu wa Acholi au Lango hayatamki kwa sauti ya kawaida. Oktoba 1996 watu wake waliwateka wasichana 139 wa shule ya Aboke. Sista Rachele Fassera, Mwitaliano, aliwafuata porini kwa miguu akarudi na 109, na 30 wakabaki mikononi mwa waasi. Rozari, maombi, roho watakatifu, Amri Kumi, vyote vilikuwa katika kambi hizo.

LRA iliitwa kikundi cha kigaidi, na Marekani iliiorodhesha Desemba 2001 pamoja na ADF. Kwa hiyo si kweli kwamba Mkristo haitwi gaidi. Lakini tazama kilichofuata. Hakuna Mkatoliki wa Masaka aliyesimamishwa njiani akaulizwa habari za Kony. Hakuna padri wa Rubaga aliyetakiwa kusimama mbele ya kamera na kueleza kwamba Ukristo ni dini ya amani. Dini ya Kony ilichukuliwa kuwa uchawi, wazimu, mambo ya roho za huko kwao. Aliyebebeshwa mzigo ni Mwacholi. Kuanzia 1996 watu wa kaskazini walisukumwa kwenye kambi, ambazo baadaye zilijaa zaidi ya watu milioni moja na nusu, na kijana wa Gulu akifika Kampala alitazamwa kama mtu anayejua Kony amejificha wapi.

Hilo ndilo ninalotaka lionekane. Ukiua kwa jina la dini ya walio wengi, dini yako hubaki nje ya mashtaka, na macho hugeukia kabila lako, akili yako, au utoto wako. Ukiua kwa jina la dini ya walio wachache, dini ndiyo inayoshtakiwa, na kila mwenye dini hiyo anakuwa shahidi wa kuhojiwa. Waislamu, kwa sensa ya 2014, ni karibu asilimia 14 ya Waganda.

Ukiwa Kampala utaliona jambo hili likitendeka bila mtu yeyote kutoa amri. Tangu mabomu ya tarehe 11 Julai 2010, siku ya fainali ya Kombe la Dunia, yalipoua zaidi ya watu 70 pale Kyadondo na katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, kila geti la maduka makubwa lina mlinzi mwenye kile kijiti cha kugundua chuma. Nimesimama kwenye foleni hizo mara nyingi. Dada aliyevaa msalaba anapitisha mkoba, mlinzi anaupapasa juu juu, wanasalimiana. Nyuma yake anakuja mama mwenye hijabu. Mkoba unafunguliwa, unakaguliwa mfuko kwa mfuko, pochi, simu, dawa za mtoto, kila kitu kinawekwa mezani na watu wanasubiri. Mlinzi hana ubaya naye. Amefundishwa kumtafuta gaidi, na gaidi aliyeonyeshwa alikuwa na sura hiyo. Ukienda Kisenyi kwa Wasomali, watakueleza zaidi yangu.

Ajabu ni kwamba ADF yenyewe, ilipoanza, ilikuwa muungano. Upande mmoja walikuwa vijana wa Tabligh, harakati ya Kiislamu, ambao ugomvi wao mkubwa wa kwanza ulikuwa na Waislamu wenzao: Machi 1991 walivamia makao makuu ya Waislamu, Old Kampala, polisi wakauawa, mamia wakakamatwa, Jamil Mukulu, ambaye baadaye aliiongoza ADF, akiwa miongoni mwao. Upande wa pili ni NALU, waasi wa milima ya Rwenzori, ambao wengi walikuwa Wakonzo wenye malalamiko ya kale kuhusu ardhi na ufalme, wala hawakuwa Waislamu. Nusu hii ya pili imefutika kabisa kwenye kumbukumbu. Ni kweli kwamba ADF ya leo inajitangaza yenyewe kuwa sehemu ya Dola la Kiislamu, na mabomu ya Novemba 2021 hapa Kampala yalidaiwa kwa jina hilo. Wenye kikundi wamejichagulia sura. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kuwachagulia.

Na tofauti hii inaonekana pia katika namna tunavyosamehe. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilimfungulia mlango kila aliyebeba silaha dhidi ya serikali tangu Januari 1986, akiwamo wa ADF, na watu zaidi ya 26,000 wamepita mlango huo. Ilipiganiwa na viongozi wa dini wa Acholi, Askofu Mkuu Odama, Askofu Ochola na Sheikh Musa Khalil wakiwa pamoja, ambao walithubutu kwenda porini kuzungumza na makamanda wakati sheria ya ugaidi ilikuwa inakaribia kufanya mazungumzo hayo kuwa kosa. Fikiria: sheria moja inamwita muasi nyumbani, nyingine inamwambia akitoka ni gaidi. Kwa LRA, ya kwanza ilishinda kwa muda mrefu, hata mazungumzo ya amani ya Juba yakafanyika kati ya 2006 na 2008. Hata wakubwa waliofikishwa mahakamani hawakuhukumiwa kama magaidi. Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, mwaka 2021 kwa makosa 61 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu, akafungwa miaka 25. Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo, hauna kosa linaloitwa ugaidi. Thomas Kwoyelo alihukumiwa Gulu mwaka 2024, miaka 40, kwa makosa ya aina hiyohiyo. Mawakili wa hao wawili walipata nafasi ya kueleza utoto wa wateja wao, kutekwa kwao, mila zao. Ni haki yao. Natamani kijana aliyepelekwa kambi za ADF akiwa na miaka kumi naye apate msikilizaji wa namna hiyo.

Kuna hoja nzito dhidi yangu kuhusu Kanungu, na sitaki kuipita. Ugaidi, watasema, ni kuua huyu ili yule aogope. Kanungu waliua waumini wao wenyewe, kimyakimya, hawakudai chochote kwa serikali. Ni hoja ya haki. Lakini Kony naye aliua zaidi watu wake mwenyewe, na madai yake kwa serikali hayakueleweka kamwe. Na jirani zetu wamekwisha kuuvuka mstari huo. Miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, pwani ya Kenya, waendesha mashtaka walimfungulia mhubiri Paul Mackenzie na wenzake mashtaka ya ugaidi, Januari 2024, pamoja na mengine. Sisemi kwamba walipatia. Ninasema kwamba kumbe inawezekana: mchungaji mwenye Biblia mkononi anaweza kusomewa shtaka hilo, mwendesha mashtaka akitaka. Wala usitoe sababu kwamba moto wa Kanungu uliwaka kabla ya sheria ya 2002. Wa Kichwamba nao uliwaka kabla.

Baada ya Kanungu serikali ilivibana vikundi vidogo vya kiroho. Kanisa Katoliki, ambamo viongozi kadhaa wa harakati ile walitoka, halikutakiwa kujitetea, na lisingestahili kutakiwa. Heshima ileile ndiyo ninayoidai kwa msikiti.

Tukitoka kwenye dini tukaingia kwenye rangi na kabila, hesabu inazidi kuwa mbaya. Aprili 2007, maandamano ya kuutetea msitu wa Mabira usigeuzwe shamba la miwa la kampuni ya Wahindi yaligeuka kuwa uwindaji wa Wahindi mitaani Kampala. Mmoja aliuawa kwa mawe na wengine wakakimbilia polisi. Mtu alikufa kwa sababu ya rangi yake, na kila mwenye rangi ile jijini alifunga duka akajificha. Kama ugaidi ni kuua huyu ili yule aogope, ni nini kilikosekana? Tuliziita ghasia. Kabla ya hapo, mwaka 1979 baada ya Amin kuanguka, Waislamu waliuawa kwa makundi huko Bushenyi, kwa kuwa Amin alikuwa Mwislamu. Kisasi, tukasema. Na Amin mwenyewe, aliyewapa Waasia siku 90 za kuondoka mwaka 1972, alifanya kwa amri ya serikali, na amri ya serikali huitwa sera.

Nje ya mipaka, jina linagawiwa kwa kipimo kingine: nani anakujua. Interahamwe walifanya mauaji ya kimbari Rwanda mwaka 1994, jina zito kuliko ugaidi. Lakini kuingia orodha ya ugaidi ya Marekani kulisubiri hadi Desemba 2001, baada ya wao kuvuka kuja Bwindi, Machi 1999, na kuua watalii wanane, wawili wakiwa Wamarekani, pamoja na Mganda mmoja mlinzi wa hifadhi. Au itazame Ituri leo, jimbo la mashariki mwa Kongo. ADF wanaua huko, na Machi 2021 Marekani iliwaorodhesha kwa jina la Dola la Kiislamu. CODECO nao wanaua huko, wanamgambo wa Kilendu wenye imani na mizimu yao. Februari 2022 waliingia kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo wakachinja watu wapatao 60, wengi wao Wahema. Hao wanaitwa wanamgambo, na mauaji yao huitwa mgogoro wa kikabila. Kaa na mkimbizi pale Kyangwali, aliyevuka Ziwa Albert kwa mtumbwi, akusimulie kwa Kiswahili chake cha Bunia. Hatawapanga wauaji kwa orodha ya Washington. Atakuambia nani alichoma nyumba, nani alimkata kaka yake, na kwa nini wanajeshi walifika asubuhi. Orodha, hata hivyo, ndiyo inayoamua fedha za vita ziende wapi.

Nilisema nitalirudia suala la majeshi. Jina la gaidi likishakuwa mikononi mwa serikali, halikai kwenye mabomu tu. Novemba 2005, miezi michache kabla ya uchaguzi, kiongozi wa upinzani Kizza Besigye alishtakiwa kwa ugaidi mbele ya mahakama ya kijeshi, hadi Mahakama ya Katiba iliposema mahakama hiyo haina mamlaka hayo. Mwaka 2021, wazee zaidi ya 20 walipouawa kwa mapanga Masaka na vitongoji vyake, wabunge wawili wa upinzani, Muhammad Ssegirinya na Allan Ssewanyana, walishtakiwa kwa mauaji na ugaidi, wakakaa rumande zaidi ya mwaka kabla ya dhamana.

Zito kuliko yote ni la Kasese. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016, wanajeshi na polisi walivamia ikulu ya ufalme wa Rwenzururu. Walikufa watu zaidi ya 100, wakiwamo polisi waliouawa siku ya kwanza, lakini wengi wakiwa walinzi wa mfalme na raia waliokuwa ndani. Mfalme Charles Wesley Mumbere na watu wake zaidi ya 200 walishtakiwa kwa mauaji, uhaini na ugaidi. Brigedia Peter Elwelu, aliyeongoza operesheni, aliteuliwa mwanzoni mwa 2017 kuwa kamanda wa vikosi vya nchi kavu. Mashtaka dhidi ya mfalme yalifutwa Juni 2023, mwezi uleule wa Mpondwe, katika wilaya ileile ya Kasese, na Oktoba akarudi nyumbani.

Hakuna mwanajeshi aliyeshtakiwa kwa siku zile mbili, kwa ugaidi au kwa kosa dogo kuliko hilo. Familia za Kasese hazidai kwamba jeshi liwekwe kwenye jedwali la 2002. Zinataka uchunguzi huru, majina ya waliokufa, na kuonyeshwa maiti zilipozikwa. Serikali inaweza kuyatoa hayo yote bila kubadili herufi moja ya sheria.